Zana za kugongea mawe

Zana za kugongea mawe ni nyundo, fuawe na vichokoo vinavyotumika kubandua vipande vya jiwe gumu ili kupata kifaa chenye makali, kama vile shoka la mkono, kikwaruzo cha ngozi au ncha ya mkuki. Kwa kawaida mtumiaji huzitengeneza mwenyewe kwa vitu vya mahali alipo: mawe ya mtoni, miti migumu, mifupa, ncha za pembe na, katika nyakati zetu, shaba nyekundu.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa mikoa ya Iringa na Mbeya, zana za namna hii zilitumika kwa muda mrefu kuliko zana nyingine yoyote. Kazi yake inaonekana Isimila, katika mapango ya Mlambalasi na Magubike, na katika bonde la mto Songwe. Hata hivyo, katika vitabu na makumbusho kitu kinachoelezwa zaidi ni shoka lililochongwa, wala si nyundo iliyolichonga. Sababu mojawapo ni kwamba nyundo ya jiwe ikitupwa chini inafanana na jiwe lolote la mtoni, na mtu asiyejua alama zake huipita bila kuitazama.

## Majina na istilahi

Kiswahili kina neno *gumegume* kwa jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa na chuma. Neno hilo lilienea pamoja na bunduki za gumegume zilizotumika Afrika Mashariki katika karne ya 19. Gumegume halisi, ile inayopatikana ndani ya miamba ya chaki huko Ulaya, haipo Nyanda za Juu Kusini. Hapa wachongaji wa kale walitumia mawe mengine yanayopasuka kwa namna inayokaribiana nayo.

Katika makala hii istilahi zifuatazo zinatumika:

- Jiwe mama: jiwe linalogongwa na kubanduliwa vipande.
- Kibanzi: kipande chembamba chenye makali kinachobanduka kutoka jiwe mama.
- Nyundo: kitu chochote kinachoshikwa mkononi kugongea, kiwe cha jiwe, mti, mfupa au shaba.
- Fuawe: jiwe la chini linalowekewa jiwe mama. Neno hili ni la wahunzi, na matumizi ni yaleyale.
- Kichokoo: kifaa chenye ncha kinachosukuma na kubandua vibanzi vidogo bila kugonga.
- Uso wa kugongea: sehemu ya jiwe mama inayopokea pigo.

## Jinsi jiwe linavyopasuka

Si kila jiwe linachongeka. Jiwe linalofaa ni lile ambalo chembe zake ni ndogo sana au hazionekani kabisa, na ambalo halina tabaka kama za mbao. Jiwe la namna hiyo likipigwa, nguvu ya pigo husambaa ndani yake kwa umbo la pia. Kipande kinachobanduka huwa na uso uliopinda kidogo, wenye mawimbi yanayofanana na mistari ya gamba la kombe. Kioo cha chupa hupasuka kwa namna hiyohiyo, na ndiyo maana kitako cha chupa nene kinaweza kutumika kwa mazoezi.

Pigo hufaulu kwa kutimiza masharti matatu. Kwanza, pembe kati ya uso wa kugongea na ubavu wa jiwe mama iwe chini ya nyuzi 90. Pembe ikiwa butu, nguvu huingia ndani ya jiwe na kibanzi hakitoki. Pili, nyundo iguse karibu na ukingo, si katikati. Tatu, ukingo wenyewe uwe imara. Ukingo mwembamba husagika kabla nguvu haijapita, kwa hiyo husuguliwa kwanza ili uwe mnene kidogo.

Ugumu wa nyundo nao una sehemu yake. Nyundo ngumu, kama jiwe, huingiza nguvu kwa ghafla mahali padogo na kutoa vibanzi vinene vyenye kinundu kikubwa karibu na sehemu iliyopigwa. Nyundo laini, kama mti au mfupa, hubonyea kidogo inapogusa jiwe, hivyo nguvu huingia polepole na kutoa vibanzi vipana na vyembamba. Nyundo ngumu ndiyo inayotoa umbo la kwanza, na nyundo laini ndiyo inayopunguza unene.

## Historia

### Mwanzo katika Afrika Mashariki

Ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana wa kugonga mawe ili kupata zana ulitoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, na ulitangazwa mwaka 2015. Zana za Lomekwi zina umri wa miaka milioni 3.3. Nyingi ni kubwa na nzito, na watafiti walionyesha kwamba watengenezaji walipiga jiwe mama juu ya fuawe, au waliliweka juu ya fuawe na kulipiga kwa nyundo. Kwa maneno mengine, fuawe lina umri sawa na ufundi wenyewe.

Sokwe wa misitu ya Afrika Magharibi hupasua kokwa kwa nyundo na fuawe za mawe mpaka leo. Sokwe wa Gombe na Mahale nchini Tanzania hawana desturi hiyo. Tofauti ya binadamu wa kale ni kwamba pigo lake lilikusudia kubadili jiwe lenyewe, si kufungua chakula peke yake.

Katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey alichapisha mwaka 1971 uchambuzi mrefu wa zana kutoka tabaka za chini za bonde. Pamoja na zana zenye makali, aliorodhesha nyundo, fuawe na mawe ya mviringo kama aina zinazojitegemea. Mume wake, Louis Leakey, alijulikana kwa kuchonga zana za mawe mbele ya watazamaji na kuzitumia kuchuna mnyama. Baadaye, katika miaka ya 1970, Peter Jones alifanya majaribio hukohuko Olduvai kwa kuchonga mashoka ya mkono kutoka mawe ya jirani na bonde. Alionyesha kwamba umbo la shoka hutegemea sana aina ya jiwe, na kwamba shoka lenye mapigo machache halina maana ya fundi asiyejua kazi.

### Iringa

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Mwaka 1951 msafiri kutoka Afrika Kusini, D. A. Maclennan, aliyekuwa akipita njiani, aliokota zana za mawe katika makorongo ya mahali hapo. Uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na Glen Cole na Maxine Kleindienst. Kipimo cha mfupa kwa njia ya urani, kilichotangazwa mwaka 1972, kilitoa umri wa karibu miaka 260,000.

Zana za Isimila ni za utamaduni wa Acheuli: mashoka ya mkono yenye umbo la chozi, mashoka yenye makali mapana, sululu, vikwaruzo na mawe ya mviringo. Zilichongwa kwa graniti (matale), kwatsi, kwatsaiti na mailoniti, ambayo ni mwamba uliosagwa na kushikamana upya katika nyufa za ardhi. Mawe haya ni magumu sana, na baadhi ya mashoka ni makubwa na mazito. Ili kubandua kibanzi kikubwa cha kutengenezea shoka la namna hiyo, nyundo ilihitaji kuwa jiwe zito lililozungushwa kwa mkono wote, au jiwe mama lenyewe lilirushwa juu ya fuawe.

Mlambalasi, karibu na mahali alipozikwa Mtwa Mkwawa, na Magubike ni mapango ya miamba ya graniti yaliyochimbwa na timu iliyoongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kuanzia mwaka 2006. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Paul Msemwa wa Makumbusho ya Taifa alikuwa amechimba Mlambalasi. Tabaka za Zama za Mwisho za Mawe zina zana ndogo za kwatsi, na nyingi zilitolewa kwa njia ya kugonga jiwe mama dogo likiwa juu ya fuawe. Magubike ina pia tabaka za Zama za Kati za Mawe, wakati ambapo fundi aliandaa jiwe mama kwa mapigo mengi kabla ya kutoa kibanzi kimoja chenye umbo alilolitaka.

### Mbeya na bonde la Songwe

Mto Songwe wa kaskazini hutiririka kuelekea Ziwa Rukwa. Utafiti wa miaka ya 1990 katika bonde lake ulipata maeneo mengi ya Zama za Kati na Zama za Mwisho za Mawe. Mafundi wa huko walikuwa na mawe ya aina nyingi kuliko wenzao wa Iringa: kwatsi, kwatsaiti, cherti na mawe ya volkeno. Cherti ina chembe ndogo sana na hukubali nyundo laini, ilhali kwatsi huhitaji nyundo ngumu.

Magharibi zaidi, penye mpaka wa Tanzania na Zambia, yapo maporomoko ya Kalambo, ambako J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953. Udongo wake wenye unyevu umehifadhi miti ya kale. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Ugunduzi huo unakumbusha kwamba watu wa Zama za Mawe walitumia miti pia, lakini mti huoza mahali pengi. Kwa hiyo nyundo za mti, hata kama zilikuwepo Isimila au Songwe, ni vigumu kuzipata leo.

## Aina za zana na namna ya kuzitengeneza

### Nyundo ya jiwe

Nyundo ya jiwe haichongwi, huchaguliwa. Jiwe zuri lina umbo la yai au kiazi, limelainishwa na maji, na linatosha kiganjani bila vidole kufika upande wa pili. Nyundo tatu hutosha kwa kuanzia: moja ya gramu 200 hadi 400 kwa kazi ndogo, moja ya gramu 500 hadi 900 kwa kazi ya kawaida, na moja ya kilo 1 hadi 2 kwa kuvunja jiwe kubwa.

Jiwe hupimwa kwa kugongwa taratibu na jingine. Jiwe zima hutoa mlio mkali. Lenye ufa hutoa mlio mzito uliofifia na litavunjika mkononi. Kwatsaiti na kwatsi ya mviringo kutoka mito kama Ruaha Ndogo ni nyundo nzuri. Wilayani Rungwe, mawe meusi ya basalti katika mito inayopita kwenye lava, kama Kiwira, hufaa pia yakiwa hayana vitundu. Graniti ya chembe kubwa hutoa ungaunga na kuchoka upesi, na jiwe la povu la volkeno halifai kabisa.

Mawe yanayofaa huonekana pia katika kazi za nyumbani. Jiwe la kusagia nafaka likishakuwa laini mno huparuzwa upya kwa kulidonoadonoa na jiwe gumu zaidi, mara nyingi kwatsi. Jiwe hilo la kudonolea ni nyundo ya jiwe kwa maana kamili.

### Fuawe

Fuawe ni jiwe bapa na zito, la kilo 5 au zaidi, lisilotikisika. Huzikwa nusu ardhini au kuwekwa juu ya mchanga. Hutumika kwa mawe mama madogo ambayo hayawezi kushikwa na vidole kwa usalama, hasa kwatsi. Kishimo kidogo katikati ya fuawe huzuia jiwe lisiteleze, nacho hujichimba chenyewe kadiri kazi inavyoendelea.

### Nyundo laini ya mti au mfupa

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hutaja pembe za kulungu wa kaskazini kama nyundo laini bora. Pembe hizo ni mfupa mtupu na hudondoka kila mwaka. Wanyama wa Tanzania kama swala, kudu na nyati hawana pembe za aina hiyo. Pembe zao ni ganda lililovikwa juu ya mfupa, na likitolewa lina uwazi ndani. Anayefuata vitabu hivyo neno kwa neno atakwama. Badala yake hutumika vitu vifuatavyo:

- Mti mgumu: kiini cha mpingo, mkwaju au mpera kilichokauka. Kipande huwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30 na unene wa sentimita 4 hadi 5, kikiwa na kichwa cha mviringo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago vinatosha, hivyo hakuna haja ya kukata mti.
- Mfupa wa ng'ombe: mfupa wa paja au wa muundi kutoka buchani. Husafishwa nyama na uboho, kisha huanikwa kivulini. Mfupa ulioachwa juani muda mrefu huwa mkavu mno na hupasuka kwa urefu.

Nyundo laini huchakaa kwa kuliwa na kingo za jiwe. Huzungushwa mkononi kila baada ya mapigo machache ili iliwe sawasawa.

### Nyundo ya shaba

Wachongaji wengi wa siku hizi duniani hutumia shaba nyekundu kwa sababu ulaini wake unakaribia ule wa pembe ya kulungu na haichakai upesi. Njia ya kawaida ni kuvika kifuniko cha bomba la shaba juu ya mpini wa mti na kujaza ndani risasi iliyoyeyushwa. Njia hiyo haifai kwa shule wala nyumbani, kwa kuwa moshi na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kipande cha shaba tupu kilichopigiliwa kwenye mpini hutoa kazi ileile.

Shaba inunuliwe kwa fundi umeme au kwa muuzaji wa vyuma chakavu anayejulikana na anayeweza kueleza mali yake imetoka wapi. Wizi wa nyaya za umeme ni kosa la jinai na huacha vijiji gizani, na anayenunua mali hiyo anashiriki kosa.

### Kichokoo

Kichokoo hutumika mwishoni, kunyoosha na kunoa makali. Cha asili ni ncha ngumu ya pembe ya ng'ombe au mbuzi, sehemu ya mwisho isiyo na uwazi. Cha kisasa ni kipande cha waya wa shaba wenye unene wa milimita 4 au 5, kilichochomekwa katika mpini wa mti wa urefu wa sentimita 15 hivi, kikitokeza sentimita 2. Msumari hufaa pia, ila huteleza zaidi. Mkono unaoshika jiwe huwekewa kipande cha ngozi nene au mpira wa tairi la ndani.

### Jiwe la kusugulia

Kipande cha jiwe la mchanga, au kinoo cha kunolea visu kilichochakaa, hutumika kuimarisha ukingo kabla ya pigo. Ni zana ndogo inayosahaulika, na kuikosa ndiyo sababu ya vibanzi vingi kuvunjika nusu njia.

## Namna ya kutumia

Fundi huketi juu ya kigoda au gogo, jiwe mama likiwa juu ya paja lililofunikwa ngozi nene, au mkononi. Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kulikagua jiwe mama na kutafuta mahali penye pembe chini ya nyuzi 90.
2. Kusugua ukingo wa mahali hapo.
3. Kupiga kwa nyundo ya jiwe, milimita chache ndani ya ukingo, mkono ukishuka kwa mkunjo wa asili na bila kusimama ghafla kwenye jiwe.
4. Kuligeuza jiwe na kutumia kovu la kibanzi cha kwanza kama uso mpya wa kugongea.
5. Umbo likishapatikana, kuchukua nyundo laini na kupunguza unene.
6. Kumalizia makali kwa kichokoo.

Anayeanza hukosea zaidi kwa kutumia nguvu nyingi. Pigo lenye shabaha huzidi pigo zito. Kibanzi kikikataa kutoka baada ya mapigo mawili au matatu, tatizo ni pembe au ukingo, si nguvu. Kuendelea kupiga mahali palepale huvunja jiwe lote.

Kwatsi hudai njia tofauti. Ina nyufa ndogo za ndani, kwa hiyo huwekwa wima juu ya fuawe na kupigwa kutoka juu. Jiwe hupasuka kutoka ncha zote mbili na kutoa vipande vingi vyembamba. Ni njia inayoonekana ya kubahatisha, lakini ndiyo iliyowapa watu wa Mlambalasi makali waliyoyahitaji.

Kwa mazoezi, vitako vya chupa nene na vipande vya sinki la kauri lililovunjika ni malighafi rahisi. Wilayani Chunya kwatsi hupatikana kwa wingi katika vifusi vya wachimbaji wa dhahabu. Huchukuliwa kwa ruhusa ya mwenye mgodi, na mbali na vifusi vilivyowahi kutiwa zebaki au sayanidi.

## Kutambua nyundo ya kale

Jiwe la mtoni hulainishwa pande zote. Nyundo iliyotumika ina madoa ya vishimo vidogo vilivyosongamana mahali pamoja au pawili, kwa kawaida kwenye ncha, huku sehemu nyingine ikibaki laini. Nyundo iliyotumika sana hupata bapa ndogo au hubanduka vibanzi vifupi mwishoni. Fuawe lina vishimo katikati ya uso wake mpana.

Suala la mawe ya mviringo linahitaji maelezo ya pekee. Wageni wa Isimila mara nyingi huambiwa kwamba mawe haya yalikuwa ya kurushwa kwa kombeo. Kathy Schick na Nicholas Toth walijaribu jambo hili kwa vitendo na kuandika mwaka 1994 kwamba kipande cha kwatsi chenye kingo, kikitumika kama nyundo kwa saa kadhaa, hugeuka polepole kuwa tufe bila mtu kukusudia. Maelezo hayo hayathibitishi kwamba kila jiwe la mviringo ni nyundo, lakini yanaonyesha kwamba umbo zuri si lazima liwe lengo la fundi. Laweza kuwa alama ya kazi aliyoifanya.

Kwa sababu hiyo jiwe lisilovutia macho lisichukuliwe kuwa halina habari. Nyundo huonyesha fundi alikaa wapi, alitoa jiwe lake mto gani, na alifanya kazi kwa muda gani. Ikiondolewa mahali pake, habari hizo zote hupotea, hata kama jiwe lenyewe litatunzwa vizuri kabatini.

## Usalama

Kibanzi kipya kina makali sana, na vipande vidogo huruka kwa kasi. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwa anayegonga na kwa watazamaji. Viatu vya kufunika vidole, glavu na ngozi ya mapajani huzuia majeraha mengi.

Hatari kubwa isiyoonekana ni vumbi. Vumbi la kwatsi na cherti likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona ambao huwapata pia wachimbaji wa madini na wavunja kokoto. Kazi hii hufanyika nje penye upepo, kamwe si darasani wala chumbani, na mahali pa kazi hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Watoto hawagongi bila usimamizi.

## Sheria na uhifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Zana za mawe zimo. Kuchimba au kuondoa vitu hivyo bila kibali ni kosa, hata kama vimelala juu ya ardhi baada ya mvua. Kwa hiyo jiwe lililochongwa zamani halitumiki kamwe kama nyundo wala kama jiwe mama. Anayeliona huliacha lilipo, huandika mahali, na kutoa taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya au kwa makumbusho.

Mchongaji wa leo ana wajibu mwingine: asiongeze uongo katika ardhi. Vibanzi alivyotoa asubuhi hii havina tofauti ya wazi na vya miaka 10,000 iliyopita, na vikitupwa ovyo vitampotosha mtafiti wa kesho. Taratibu zinazofuatwa ni hizi:

- Kutochonga ndani au karibu na eneo la akiolojia kama Isimila, Mlambalasi au Magubike.
- Kutandika turubai na kukusanya vibanzi vyote, hata vidogo.
- Kuvizika pamoja na kitu kinachoonyesha wakati, kama sarafu yenye mwaka au kizibo cha soda.
- Kuandika tarehe kwa wino usiofutika juu ya kila zana inayotunzwa, na kutoiuza kama ya kale.

## Katika ufundishaji

Zama za Mawe hufundishwa shuleni, na Isimila ni mfano unaotajwa mara kwa mara. Wanafunzi wengi hukariri majina ya zama na ya zana bila kuona jinsi jiwe moja linavyotoa makali kutoka jiwe jingine. Onyesho la nusu saa, mwalimu akigonga na wanafunzi wakitazama kwa umbali wa mita tano au zaidi, hujibu maswali ambayo ubao hauwezi: kwa nini mashoka ya Isimila ni manene, kwa nini vifaa vya Mlambalasi ni vidogo, na kwa nini watu wa Songwe walichagua cherti walipoipata.

Zana za onyesho hilo hazigharimu kitu kikubwa: mawe matatu ya mtoni, jiwe bapa, kipande cha mti mgumu, mfupa kutoka buchani, ncha ya pembe na kinoo. Baada ya somo, zoezi linalofaa ni kuwapa wanafunzi mawe kumi ya mtoni, mojawapo likiwa nyundo iliyotumika, na kuwataka waitambue kwa kutazama vishimo vyake. Mwanafunzi aliyeweza kuitambua atakapofika Isimila ataangalia ardhi kwa makini zaidi, na hataondoka na jiwe mfukoni.